Imetembea Kidogo

"Inauzwa pikipiki ya Kiingereza, ya zamani, kila kitu ni kile kile ilichotoka nacho kiwandani, imetembea kidogo. Muulize Shemasi, Misiera, Nakivale."

Maneno hayo nimeyachapa mara nyingi kuliko jina langu mwenyewe. Nina kibanda Misiera, hapa kambini Nakivale, Uganda, karibu na maduka ya vitenge, chenye kompyuta moja, printa moja na betri ya sola inayofanya kazi inapojisikia. Watu huniletea barua, fomu, kadi za harusi na picha za kurudufu. Shemasi alikuwa akiniletea tangazo moja tu, lile lile, kila mara mvua ilipokuwa imelilowesha la zamani. Alilishika kwa ncha za vidole, karatasi imekuwa uji, na kusema, "Afishi imekufa, binti yangu. Tufufue."

Nilimjua kwa miaka mingi na sikuwahi kumwita kwa jina. Alikuwa shemasi kule kwetu Kongo, Kivu ya Kusini, akawa shemasi hapa pia, na hata wasiosali walimwita hivyo. Na pikipiki yake tuliiita Mwingereza. Ilikaa ndani ya nyumba yake, kwenye chumba ambacho mtu mwingine angelala, imefunikwa turubai. Yeye alilala sebuleni, kwenye benchi.

Niseme mapema kwamba hakutaka kuiuza. Kila mtu Misiera alilijua hilo isipokuwa wanunuzi.

Alipokuja kwangu mara ya kwanza hakuja kutangaza pikipiki. Alivua kofia, akaketi, akasema:

"Andika hivi, binti yangu. Ninatafuta mama yangu na mudogo wangu. Tuliachana kwa njia panda."

Akanieleza mwenyewe, bila kuulizwa, kama alivyomweleza kila aliyekaa naye zaidi ya dakika tano. Siku ya kukimbia, mdogo wake aliomba ufunguo wa pikipiki ili ambebe mama yao, ambaye miguu ilikuwa imevimba. Shemasi akakataa. Hakukataa kwa ubaya, alikataa kwa hesabu. Zamani, Mzungu mmoja wa misheni aliyepita kwao aliitazama ile saa ndogo inayohesabu maili, akamwambia baba yao kwamba pikipiki ya namna hiyo thamani yake yote iko kwenye maili chache. Tangu siku hiyo baba hakuipanda tena. Aliifuta. Alipokufa, Shemasi, mtoto mkubwa, akairithi pamoja na kitambaa cha kufutia.

Basi siku ile wakaisukuma. Juu ya kiti wakafunga godoro na sufuria. Sufuria zikapanda, mama akatembea. Siku ya pili, penye njia panda, mdogo mtu alisimama, akacheka, akambeba mama mgongoni na kushika njia nyingine. Shemasi alidhani watarudi baada ya hasira kuisha. Alingoja hapo mpaka jua likageuka, amelishika lile dubwana lisianguke.

Ndiyo habari aliyotaka niichape. Na mimi, msichana wa mjini, mwenye printa, nikamfundisha maisha.

Nje ya ofisi moja hapa kambini kulikuwa na ukuta uliojaa karatasi za namna hiyo. Natafuta mke wangu. Natafuta wanangu wawili. Natafuta mtu yeyote wa ukoo wetu. Nilizichapa nyingi kati ya hizo, na nilijua jinsi zilivyosomwa: kila mtu alikuja kubandika yake, akaondoka na gundi yake.

Nikamwambia, "Papa Shemasi, batu habasomi ndugu ya mwingine. Batu banasoma bintu bya kuuzisha. Andika pikipiki inauzwa. Habari itapita kwa midomo ya bachuuzi mpaka Mbarara, mpaka Kampala. Mudogo wako akisikia pikipiki ya Kiingereza, atajua njo weye."

Alinitazama kama mtu anayetazama daktari. "Inauzwa?"

"Neno tu, Papa."

"Na batu bakikuja kununua?"

Hapo ndipo tulipotunga lile swali. Kila mnunuzi angeulizwa: hii pikipiki ilimchoma nani? Jibu lilikuwa kwenye mguu wa mdogo wake, ulipogusa bomba la moshi akiwa mtoto, kovu refu kwenye shavu la mguu. Asiyejua jibu hauziwi. Nilijiona nina akili siku hiyo hata nikamchapia nakala mbili za nyongeza bure.

Wanunuzi walikuja kweli. Walikuja kwa gari, kwa boda, mmoja alikuja na mkewe amevaa kama wanaenda harusini. Shemasi aliwakaribisha wote kwa chai. Alitoa turubai taratibu, pindo kwa pindo, na kuwaonyesha rangi ya zamani, mfuko wa spana uliokuwa haujafunguliwa, pampu ya kujazia upepo iliyokaa mahali pake. Hakuruhusu bei itajwe mbele yake. "Chuma inasikia," alisema, na kuwapeleka uani. Huko uani ndiko alikouliza swali lake.

Muuza simu mmoja alikunja suruali na kuonyesha kovu lake mwenyewe. Shemasi akavaa miwani, akapiga magoti, akalichunguza kwa muda mrefu, kisha akamrudishia mguu wake kwa heshima. "Hapana. Hii ni ya pikipiki ingine."

Watu wakaanza kumsema. Kanisani mhubiri mgeni, aliyechochewa na mtu, alihubiri juu ya ndama ya dhahabu huku akimtazama yeye tu, na Shemasi ndiye aliyeitikia amina kwa sauti kuliko wote. Baada ya ibada alimpa yule mhubiri koti lake, kwa sababu kulikuwa na baridi. Ndivyo alivyokuwa. Jembe lake lilizunguka kijiji kizima na likirudi kwake lilirudi kama mgeni. Baiskeli yake sikuwahi kumwona akiipanda, maana ilikuwa kwa mtu siku zote. Mwaka mmoja mafuriko yalipobomoa nyumba za jirani, familia ya watu saba ililala sebuleni kwake, naye akahamia kulala chini kando ya Mwingereza. Tulisema sasa ataitoa nje angalau. Hakuitoa. Asubuhi alikuwa na alama ya kikanyagio shavuni.

Kitu ambacho hakumpa mtu ni kile tu, na hata yeye mwenyewe hakujipa. Kila Jumamosi aliipangusa kwa kitambaa cha baba yake. Jumamosi ya kwanza ya mwezi aliiwasha, akasimama kando akiimba ubeti mmoja wa wimbo wa kanisa, na ubeti ulipoisha aliizima. Hakuwahi kufika kwenye kiitikio. Ukimwuliza kwa nini haipandi kwenda mahali, alijibu, "Ile si ya kwenda fasi. Ile ni ya kufika." Sikuwahi kuelewa alimaanisha nini, na nadhani hata yeye alikuwa akijaribu tu sentensi.

Lakini matangazo yalihitaji kubandikwa mbali, na mbali hakwendeki kwa miguu. Kwa hiyo mwenye pikipiki bora kuliko zote wilayani alipanda boda boda kwenda kutangaza pikipiki yake. Alikaa nyuma ya dereva, karatasi zimefungwa kwa mpira tumboni, na njia nzima alimkaripia. "Badilisha gia, mutoto! Unaua kitu ya batu!" Madereva wa Misiera walikuwa wakipiga kura nani ambebe. Aliyeshindwa ndiye aliyembeba.

Kati ya wanunuzi wote, mmoja alikuwa wa kweli. Alikuwa mzee wa Kinyankole kutoka Nyamitanga, Mbarara, upande ule wa mto Rwizi, mwenye ng'ombe wengi na ugonjwa wa kukusanya vitu vya zamani. Alikuja na fundi wake. Nilikuwepo, kwa sababu Shemasi alitaka mtu wa kumsaidia lugha, ingawa wote walikuwa wakisema Kiswahili, kila mmoja cha kwake.

Yule mzee aliizunguka Mwingereza mara mbili. Mwishowe akavua kofia.

"Wewe, Shemasi! Hii kitu iko safi sana. Mimi nataka yeye hivi hivi. Vumbi yake pia, usitoe. Bei ni gani?"

"Tutoke inje kwanza," Shemasi alisema. Uani akauliza, "Ilichoma nani?"

"Kuchoma?" Mzee wa Nyamitanga alinigeukia mimi. "Yeye anasema nini? Mimi nanunua, mimi si polisi."

Wakati wanabishana, fundi alikuwa amebaki ndani, amechuchumaa kando ya gurudumu. Shemasi alirudi na kumwambia kwa fahari aangalie ile saa, aone namba zilivyo chache. Fundi akaangalia. Kisha, kwa wema tu, kama mtu anayeongeza maarifa, akasema:

"Ndiyo, ni kidogo. Lakini mzee, hii saa haijui kama engine imewaka. Inahesabu gurudumu. Gurudumu ikizunguka, yeye anahesabu."

"Hata mutu akiisukuma?"

"Hata mbuzi ikivuta."

Shemasi aliketi kwenye benchi lake. Niliona midomo yake ikihesabu. Siku mbili za kusukuma, kutoka nyumbani mpaka njia panda, kisha siku zile nyingine za peke yake mpaka alipopata lori la maharage la kumvusha kuingia Uganda. Maili zote alizokataa kumpa mama yake, zilikuwa zimeandikwa kwenye ile saa hata hivyo. Zilikuwa pale kwenye namba, zimekaa na zile chache za baba yake. Nilimwonea huruma kiasi kwamba nilienda kuosha vikombe ambavyo havijatumika.

Mzee wa Nyamitanga aliondoka mikono mitupu. Fundi aliomba nakala ya tangazo akalibandike kwenye mlango wa gereji yake, kwa uzuri wake tu. Nilimpa.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ilipofika Shemasi hakuiwasha pikipiki. Wala mwezi uliofuata. Akaja kwangu na afishi iliyokufa, akasema, "Safari hii toa ile neno ya kutembea kidogo. Ni uongo."

"Papa, njo neno yenye kuuzisha," nilimjibu, na nikaliacha. Alikuwa mtu wa kutii wataalamu. Akalipa, akachukua karatasi zake, akaenda kuita boda.

Miaka ikapita hivyo. Wengine walihamishiwa nchi za mbali, wakaja kwangu kuchapa barua za kuaga. Shemasi naye aliitwa kwa mahojiano mara moja, akaenda kuwaambia wamwache, kuna watu anawangoja. Ofisa aliandika kitu kwenye karatasi. Rafiki zake walimwona mpumbavu. Mimi pia, kidogo.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Mwaka huu mwanzoni nilikwenda Mbarara kutafuta wino wa printa. Duka la kawaida lilikuwa limefungwa, nikaelekezwa lingine ng'ambo ya mto, na njiani nikapita mbele ya gereji. Mlangoni, limepauka, pembe moja imebandikwa kwa utepe wa gundi, lilikuwa tangazo letu. Yule fundi wa mzee wa Nyamitanga alinitambua kabla sijamtambua. Akacheka.

"Nyinyi Wakongo muko na mambo! Hiyo pikipiki bado anauza?"

Nikasema bado.

"Iko Mukongo moja anakaa Isingiro. Analeta matoke na pickup hapa Nyamitanga, kwa mashule. Kila mara akipita anasimama hapo, anasoma hiyo karatasi yote. Halafu anacheka, anaenda. Mwaka ya tatu sasa, au ya ine. Mimi nilimuuliza, unataka kununua? Akasema hapana, huyo mzee anapenda chuma kushinda mama yake."

"Anatembea vizuri? Mguu wake?"

"Mguu iko na alama kubwa, hapa nyuma. Nilidhani ni boda."

Niliketi juu ya tairi. Isingiro. Tunakwenda Isingiro kununua ndizi. Miaka mitatu mdogo mtu alisimama mbele ya maneno yangu, na maneno yangu yakamwambia: kaka yako bado anaiuza. Wewe hukupewa hata siku ile, na leo ataipata yeyote mwenye pesa. Na neno la pili, lile ambalo Shemasi alitaka niliondoe, likamwambia: imetembea kidogo. Kama ningechapa alivyosema mwanzo, natafuta mama yangu na mdogo wangu, angesoma mara moja tu. Nililia pale mbele ya mafundi, nao wakaniletea soda.

Nilirudi Misiera bila wino. Shemasi alikuwa anapanga viti vya kanisa. Nikamwambia yote, pamoja na sehemu yangu.

Hakunikaripia. Aliuliza kitu kimoja. "Anacheka?"

"Fundi anasema anacheka."

"Njo yeye. Akikasirika anacheka." Kisha akauliza cha pili, polepole. "Na mama?"

Nikasema fundi hajui. Alitikisa kichwa. Nilimwambia twende Isingiro kesho yake, tumtafute sokoni. Akakataa. Alisema alimwita vibaya kwa karatasi, atamwita vizuri kwa karatasi, na mtu asiyetaka kuja asikamatwe sokoni kama mwizi. Tukaenda kwenye kibanda. Safari hii alisimama nyuma ya kiti changu na kusoma kila herufi ikitokea.

"Pikipiki ya Kiingereza, Misiera, HAIUZWI. Aliyechomwa nayo ni yake. Mama kama yupo, apande yeye kwanza."

Sikuongeza wala kupunguza. Wino ulikuwa unaisha, kwa hiyo yalitoka ya kijivu. Niliyapeleka mwenyewe Nyamitanga na kuyabandika juu ya yale ya zamani.

Majuma matatu hakuna kitu. Shemasi hakuuliza. Nilimwona tu akipita mbele ya kibanda mara nyingi kuliko kazi zake zilivyohitaji.

Kisha asubuhi moja ya siku ya soko pickup yenye matope ikasimama mbele yangu. Mwanamume wa makamo alishuka, suruali moja imekunjwa tayari, kama mtu anayekwenda kuchomwa sindano. Kovu lilikuwa pale.

"Shemasi anakaa fasi gani?"

Nilitaka kujibu, lakini macho yangu yalikuwa ndani ya gari. Kwenye kiti cha mbele, amefungwa mkanda, mikungu miwili ya ndizi miguuni, alikaa bibi kizee mdogo wa umbo, mwenye kitambaa cheupe kichwani. Alikuwa ananitazama bila subira.

Nilifunga kibanda nikaenda nao. Shemasi alikuwa mlangoni kwake. Ndugu wawili walisimama umbali wa mtu anayepokea mgeni wa serikali.

"Miaka yote ulikuwa unaiuza," mdogo alisema.

"Nilikuwa nakuita."

"Mutu anaita ndugu yake na neno inauzwa?"

Shemasi alikuwa mtu mzima, asingeweza kunitaja mbele yangu. Basi nikajitaja.

"Ni miye nilimufundisha, Papa. Yeye alitaka kuandika munatafutwa."

Yule bwana alinigeukia. Nadhani alikuwa na mengi ya kuniambia, na nilistahili mengi ya hayo. Lakini mlango wa gari ukafunguka na sauti kavu ikatoka.

"Munamaliza? Munishushe. Mimi nilikuja kupanda."

Mdogo mtu alinong'ona kwamba hakuwa amemwambia mama lolote miaka yote ile, ili asiumie. Juma hili fundi alimsomea yeye karatasi mpya mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hakuamini, ndipo akaenda kumwambia mama. Shemasi alimsikia, akamwendea mama yake, akapiga magoti pale kwenye matope. Mama akaweka mkono juu ya kichwa chake, akauacha hapo kidogo, kisha akakipiga kwa kiganja kama mtu anayejaribu tikiti maji.

"Umezeeka," akamwambia.

Wakaitoa Mwingereza nje, mara ya kwanza tangu ifike Nakivale. Jua liliiangukia, na madereva wa boda wakazima injini zao. Shemasi alitoa ufunguo shingoni, kwenye kamba, na kumpa mdogo wake. Mdogo akapiga kiki. Akapiga tena. Akapiga mpaka akavua shati. Tangu ile siku ya fundi haikuwa imewashwa, na ilikuwa imelala usingizi wake wa Kiingereza, haikutaka kujua leo ni siku gani.

"Sukumeni," mama alisema.

Wakamwinua, wakamkalisha. Mdogo alishika usukani. Shemasi alikwenda nyuma, mahali alipojua zaidi, akaweka mikono yake miwili kwenye kiti. Wakaanza kwenda, polepole, kupita maduka ya vitenge, kupita kibanda changu kilichofungwa, madereva wa boda wakifuata nyuma injini zimezimwa, wakisukuma zao kwa miguu.

Nilitembea kando. Mama alikuwa amekaa wima, hatazami kulia wala kushoto. Nilichungulia ile saa na nikaona namba ya mwisho inapinduka, kisha nyingine.

"Papa Shemasi," nikamwambia, "maili zinaongezeka."

Alikuwa anahema, jasho linaingia machoni, na hakuinua kichwa.

"Iache ihesabu," akasema.